Fleti ya kwenye ramani, au iliyokwisha kunyeshewa?

Anayetafuta fleti Dar es Salaam, iwe Upanga, Mikocheni au Kigamboni, huwa na njia mbili. Anaweza kulipia jengo likiwa bado kwenye ramani, kwa amana na awamu, kwa bei ya chini kuliko ile ya jengo lililokamilika. Au ananunua fleti iliyokwisha kukaliwa miaka saba au minane, ambayo rangi imechujuka na lifti inalalamika. Wauzaji husifia njia ya kwanza, na hesabu yao si ya uongo. Katika nchi ambayo mikopo ya nyumba ina riba ya tarakimu mbili, kulipa kidogo kidogo bila riba ni nafuu kubwa.

Hofu inayosikika zaidi ni mradi kusimama. Hofu hiyo ina ushahidi. Dege Eco Village ya Kigamboni, mradi ulioshirikisha NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ilipangwa kuwa na nyumba zaidi ya 7,000. Kazi ilisimama 2016 maghorofa yakiwa yamesimama bila madirisha. Morocco Square ya NHC, Shirika la Nyumba la Taifa, nayo ilikwama miaka kadhaa kabla ya mafundi kurudi 2021. Hayo ni mashirika ya umma, kwa hiyo anayekuambia "huu ni mradi wa shirika, hauwezi kukwama" anakuuzia maneno.

Kinga zipo. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue kama kiwanja kimewekwa rehani benki. Awamu za malipo zifungwe kwenye hatua za ujenzi zilizothibitishwa na mhandisi, si kwenye tarehe. Mkataba ukisema utalipa kila tarehe 30, utaendelea kulipa hata kama slabu, yaani sakafu ya zege, ya ghorofa ya tatu haijamwagwa. Na kipengele cha kurudishiwa pesa kitaje siku, si "muda muafaka".

Hata hivyo, mradi uliosimama unauona kwa macho. Tatizo kubwa ni lile lililofunikwa na plasta. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unahitaji lita 25 hivi za maji. Zikifika 35, zege linamiminika kirahisi kati ya nondo na kazi inakwenda haraka, lakini likikauka linabaki na vitundu vidogo ambamo hewa na chumvi hupenya. Ongeza maji ya kisima chenye chumvi, ambavyo Dar ni vingi. Ongeza tena fundi aliyebana biskuti za kushikilia nondo: sehemu iliyo nje karibu na bahari ilihitaji zege la milimita 40 au zaidi juu ya nondo, yeye kaacha 15. Siku ya kukabidhiwa funguo huoni kitu. Baada ya miaka kadhaa nondo inashika kutu, kutu inavimba na kuchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, zege linapasuka kwa kufuata mstari wa nondo na kuanza kumeguka chini ya baraza.

Ndiyo maana naiona fleti ya zamani kuwa na faida ambayo madalali hawaitaji: imekwisha kunyeshewa. Mvua za masika zimeshaonyesha paa linapovuja na maegesho yanapofurika. Nenda Aprili, panda mpaka ghorofa ya juu, tazama dari. Gonga upande wa chini wa baraza kwa nyundo ndogo. Penye mlio mtupu zege limeachana na nondo. Paa la slabu lilipaswa kuwa na mteremko wa angalau sentimita 1 kwa kila mita, na mara nyingi halina, kwa hiyo maji yanatuama. Hapo fundi wa dishi au wa kiyoyozi anakuja kutoboa tabaka la kuzuia maji ili afunge boliti zake, na hakuna wa kumzuia. Angalia pia matangi: simtanki la lita 10,000 likijaa ni tani 10, na wapo wanaoliongeza juu ya slabu bila kumuuliza mhandisi.

Bila shaka ya zamani ina mzigo wake, na mzigo huo ni pesa. Chukua mfano wa fleti ya Sh200 milioni inayopangishwa Sh1.2 milioni kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh14.4 milioni. Toa mwezi mmoja wa kukaa tupu, toa kodi ya zuio ya asilimia 10, toa Sh150,000 za huduma kila mwezi: inabaki Sh10.08 milioni, asilimia 5 ya bei. Ukitenga Sh2 milioni kwa mwaka kwa ukarabati unashuka mpaka asilimia 4. Hati fungani za serikali za miaka 20 zimelipa zaidi ya mara mbili ya hapo, bila kodi kwenye riba. Anayenunua fleti anategemea bei ipande, na bei haipandi kwenye jengo ambalo maji hayafiki ghorofa ya tano.

Kwa hiyo swali la msingi linahusu chama cha wamiliki wa fleti, kinachotunza maeneo ya pamoja ya jengo. Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inampa kila mmiliki hati yake na fungu katika maeneo ya pamoja: paa, ngazi, pampu, lifti. Fungu hilo wengi hulisahau. Wa ghorofa ya chini hataki kuchangia lifti, mwenye fleti aliye ughaibuni hajibu simu, na paa ni la wote kwa hiyo si la mtu. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, bodi ya lifti inaungua. Chama kisicho na akiba kinaanza kukusanya michango wakati wazee wanapanda ngazi.

Ya kwenye ramani bado inafaa kwa mwenye mhandisi wake wa kukagua kila slabu kabla ya zege kumwagwa, na kuona majibu ya vipimo vya nguvu ya zege vya siku 28. Asiyeweza hilo, aombe taarifa ya benki ya chama cha jengo la zamani na mihtasari ya vikao vya miaka miwili. Wakikataa kuionyesha, akate kwenye bei gharama ya kuziba paa na kubadilisha kamba za lifti, ndipo mazungumzo yaendelee.