Kipimo hasi cha malaria hakimtoshi mjamzito

Mjamzito akichomwa kidole kliniki na kipimo cha haraka kikaonyesha hana malaria, mimi siridhiki. Kwa wajawazito, vimelea vya Plasmodium falciparum hujificha kwenye kondo la nyuma, mbali na damu ya kidoleni. Mwaka 1996 utafiti uliofanyika Kisumu ulionyesha jinsi vinavyong'ang'ania pale kwa kushika kemikali iitwayo kondroitini salfeti A. Anayeumia zaidi ni mwenye mimba ya kwanza: hata kama amekulia kwenye malaria, mwili wake haujawahi kukutana na vimelea vya namna hiyo. Anaweza asipate homa kabisa, huku damu ikipungua na mtoto akizaliwa chini ya kilo 2.5.

Kipimo cha PCR, cha maabara kinachosaka DNA ya vimelea, huviona hata vikiwa vichache. Ila kinachoniuma ni kwamba tukishaviona, hatuulizi ni vya aina gani. Mama ametibiwa, baada ya wiki kadhaa vimelea vimeonekana tena: ni vilevile, yaani dawa imeshindwa, au ameumwa na mbu upya? Jeni za vimelea ziitwazo msp1 na msp2, zinazotofautisha kundi moja la vimelea na jingine, hujibu swali hilo, na majibu hayo mawili hayadai hatua moja.

Jeni nyingine ya vimelea, dhps, nayo hueleza kama SP, dawa ya kuzuia malaria anayopewa mjamzito kliniki, bado inavimudu. Muheza, mkoani Tanga, ina vimelea vyenye badiliko la jeni hiyo liitwalo A581G, linalozidisha usugu. Mwaka 2009 watafiti waliofanya kazi huko waliandika kwamba kwa wajawazito waliomeza SP, dawa iliua vimelea dhaifu na kuviachia nafasi vile sugu. Tafiti za kwingine hazikukubaliana nao kwa yote, na hata penye usugu SP bado husaidia uzito wa mtoto. Kwa hiyo, dada yangu, dozi zako meza zote.

Ninachodai si kikubwa. Hudhurio la kwanza damu tunachukua tayari. Tone moja zaidi lidondoshwe kwenye karatasi ya kuchujia, likauke, lisafirishwe bila friji. Mama akiridhia, kipande cha kondo nacho kichukuliwe kabla halijatupwa shimoni. Dawa ya wajawazito isiamuliwe kwa sampuli za watoto wenye homa peke yake. Na majibu yarudi kwa mganga mkuu wa wilaya na kwa muuguzi anayegawa SP, yasiishie kwenye majarida ambayo hawa wawili hawayapati.