Florida State 2023: walishinda zote na bado wakaachwa nje

Ule msimu wa Florida State wa 2023 watu bado wanaubishania mpaka leo, na naona wengi wanaubishania kwa hoja isiyo yenyewe kabisa. Kwa asiyefuatilia futiboli ya vyuo vya Marekani, wakati ule pleyofu, yaani mtoano wa kutafuta bingwa wa taifa, ilikuwa ya timu 4 tu na huingii kwa pointi za msimamo, kuna kamati ya watu 13 inakaa inachagua. Florida State wakamaliza 13-0 (wameshinda 13, hawajafungwa hata moja), mabingwa wa ACC, moja ya konferensi kubwa, yaani makundi ya vyuo yenye ligi yao, halafu Desemba 3 kamati ikatangaza Michigan, Washington, Texas na Alabama. Wao wa 5. Tangu mfumo ule uanze 2014 hakuna bingwa wa konferensi kubwa aliyemaliza bila kufungwa akaachwa nje, hawa ndio wa kwanza.

Kamati nao wana hoja, tusiwafanye wajinga. Kwotabeki wao Jordan Travis, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, aliumia mguu vibaya Novemba 18 kwenye mechi na North Alabama, timu ndogo tu, msimu wake ukaishia pale. Msaidizi wake Tate Rodemaker akawavusha mbele ya Florida (chuo kingine cha jimbo hilohilo) 24-15 lakini naye akaumia kichwa, kwa hiyo fainali ya ACC dhidi ya Louisville akaanza Brock Glenn, kwotabeki wa tatu, kijana wa mwaka wa kwanza. Wakashinda 16-6 ila pasi zake zilizofika ni 8 kati ya 21, yadi 55 mechi nzima! Ukiangalia ile mechi unaona kabisa hawa wakikutana na Michigan watateseka. Na kanuni za kamati zinaruhusu kuangalia mchezaji muhimu asiyekuwepo, hicho kipengele hakikutungwa kwa ajili ya Florida State, kilikuwepo. Tena siku ileile Alabama katoka kumfunga Georgia 27-24, Georgia ambaye alikuwa kashinda mechi 29 mfululizo.

Sawa, lakini mbona watu wanaangalia zile yadi 55 hawaangalii kwamba Louisville alipata pointi 6 tu? Ile difensi yao (safu ya ulinzi) ya kina Jared Verse ilikuwa inatisha na haikuumia mguu. Timu ilimpiga LSU 45-24, ikaenda Clemson kwenyewe ikashinda 31-24 muda wa nyongeza, hizo zote unazifuta kwa sababu ya mtu mmoja? Ohio State mwaka 2014 walifika fainali ya konferensi na kwotabeki wa tatu, Cardale Jones, wakampiga Wisconsin 59-0, wakapewa nafasi na wakabeba ubingwa wa taifa. Na Alabama mwenyewe alifungwa nyumbani na Texas 34-24, na kwa Auburn aliokolewa na tachidauni (bao la kufikisha mpira eneo la mwisho) ya jaribio la mwisho akiwa anadaiwa yadi 31.

Kinachoniudhi ni watu wanaoleta ile 63-3 ya Orange Bowl, mechi ya kufunga msimu nje ya pleyofu, Georgia alivyowachapa Florida State Desemba 30, eti mmeona, kamati ilikuwa sahihi. Hapana bana. Wachezaji zaidi ya 20 hawakucheza ile mechi, Verse hayupo, washambuliaji Keon Coleman na Trey Benson hawapo, Rodemaker kashaamua kuhama chuo, na wengi walikaa pembeni kwa sababu mechi ilishakosa maana baada ya kunyimwa pleyofu. Huwezi kumvunja mtu moyo halafu utumie alivyovunjika moyo kuwa ushahidi dhidi yake. Hata ile 2-10 yao ya msimu wa 2024 haihusu, kikosi kilikuwa kingine.

Kama unataka kuwatetea kamati tumia nusu fainali ya pleyofu ya Michigan na Alabama, ambayo Alabama alipoteza 27-20 kwenye muda wa nyongeza, mbele ya timu iliyokuja kuwa bingwa. Hiyo ni hoja, naiheshimu, Alabama hakuwa timu mbovu. Ila swali halikuwa nani angependeza zaidi dhidi ya Michigan, swali ni wale vijana wa Tallahassee, mji wa Florida State, walikosea wapi kati ya Septemba na Desemba, na hakuna mechi hata moja unayoweza kuwaonyesha. Mwaka uliofuata pleyofu ikapanuliwa ikawa timu 12, kwa mfumo huo wangeingia bila mjadala, lakini wengi wao walikuwa wameshaondoka. Mimi ningewaweka wa 4, Alabama abaki nje, na kama ni kupigwa na Michigan wakapigwe uwanjani.