Fomu Iulize Mfuko wa Mzazi, Si Lango la Chuo

Mpwa wangu alijaza ombi lake la ufadhili wa chuo kikuu kwenye simu yangu, jikoni kwa mamake, huku maharagwe yakichemka. Wazazi wanapata pesa ngapi? Watoto ni wangapi, na wangapi bado wanalipiwa karo? Alisomea shule gani ya upili? Maswali ya haki kabisa. Rafiki yake wa dawati moja, mtoto wa mama mboga, angekuwa na majibu ya kusikitisha zaidi. Lakini yeye alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo kikuu cha kibinafsi, kwa hiyo ufadhili, ambao ni wa vyuo vya umma tu, haumhusu. Chake ni mkopo wa HELB tu, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu.

Hapo ndipo ninapogombana na mfumo wa ufadhili wa vyuo vikuu uliozinduliwa na Rais William Ruto wa Kenya mwezi Mei 2023. Nia yake ni njema: mwenye shida zaidi apewe zaidi. Katika mpangilio wa makundi matano, mwanafunzi maskini kabisa hupata ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo wa asilimia 25, na familia inajitafutia 5 iliyobaki. Yule wa kundi la wanaojiweza bado anapewa ufadhili wa asilimia 30. Rudia kusoma hapo. Mtoto wa mwenye duka la jumla, akiingia chuo cha umma, anapata pesa asizodaiwa na mtu. Mtoto wa mama mboga, akiingia cha kibinafsi, kila shilingi ya serikali atairudisha na riba.

Najua jibu: si alichagua mwenyewe? Basi tukumbushane. Mwaka 2016 ni serikali yenyewe, kupitia KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, iliyoanza kuwapeleka wanafunzi katika vyuo vya kibinafsi na kuahidi kuwalipia. Vyuo vya umma vilikuwa vimefurika, vya kibinafsi vilikuwa na madarasa matupu. Hilo lilikuwa wazo zuri. Kilicholiharibu ni ahadi isiyolipwa: pesa zilichelewa, zikaja nusu, deni likafika mabilioni. Kisha mfumo mpya ulipokuja, badala ya serikali kurekebisha ulipaji wake, mlango ukafungiwa wanafunzi. Mdeni ndiye aliyefunga duka.

Tena sisemi vyuo vya kibinafsi ni malaika. Vingine vikinusa pesa ya serikali vitapandisha karo kesho asubuhi. Ndiyo maana sitaki serikali ilipe kila bei itakayobandikwa. Ichukue gharama ya kozi ileile katika chuo cha umma, ipige hesabu ya asilimia kulingana na kundi la mwanafunzi, itoe kiasi hicho na kisizidi. Ziada ibaki kati ya chuo na familia, na kozi iwe imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Hazina haitapoteza chochote, maana mwanafunzi huyohuyo angeketi chuo cha umma ingemlipia vilevile.

Ukivuka Namanga, Bodi ya Mikopo ya Tanzania inawakopesha wanafunzi wahitaji wa vyuo vya umma na vya binafsi. Ni mkopo, sawa, si ruzuku, na wenzetu nao wana malalamiko yao. Lakini angalau wa umma na wa binafsi wanapanga foleni moja.

Hapa kwetu mfumo wenyewe umezunguka mahakamani. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Mjadala mwingi umekuwa juu ya nani aliwekwa kundi lisilo lake. Wale wasiowekwa kundi lolote la ufadhili hawatajwi sana.

Rafiki wa mpwa wangu alianza masomo Septemba. Mamake amejiunga na chama cha pili cha kuweka akiba, na sasa anafungua kibanda saa kumi na moja alfajiri.