Kilua kwenye karatasi

Bi harusi wa Unguja huvishwa kikuba, kishada cha asumini na mrihani, na msimu ukiruhusu, ua la kilua nalo hutiwa. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt aliupa mti wa ua hilo jenasi yake, yaani kundi lake katika ukoo wa mimea, akaiita Mkilua, na neno la Kiswahili likaingia kwenye vitabu vya Kilatini. Jina la namna hiyo hushikiliwa na tawi moja lililobanwa kati ya magazeti, likakaushwa na kubandikwa kwenye karatasi yenye lebo: limekatwa wapi, lini, na nani. Watu wakibishana kesho kama mti huu ndio ule, hurudi kwenye tawi hilo.

Wapo wasioona faida ya kuhifadhi mimea kwenye karatasi hivyo. Mganga, wanasema, anaujua mti kwa kuugusa na kuunusa, na karatasi haielezi dawa huchemshwa na nini. Ni kweli. Lipo na la kuuma zaidi: John Kirk, aliyekaa Unguja tangu 1866 hadi 1886, alipeleka mimea mingi kwenye bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, penye karatasi za namna hiyo zipatazo milioni 7. Kijana wa Chake Chake akitaka kulishika tawi lililotoka kwao, aombe viza.

Hata hivyo sikubali kwamba kumbukumbu za wazee zinatosha, kwani mzee huondoka na majina yake. Msitu wa Ngezi una mpapindi, jamii ya mnazi, ambao asili yake ni Pemba peke yake. Ukipungua, ni lebo za zamani zitakazotuonyesha ulikuwa ukiota wapi. Na jani kavu bado lina mengi ndani yake. Mwaka 2013 wanasayansi walisoma vinasaba kutoka majani ya viazi ya karne ya 19, wakakitambua kimelea kilicholeta njaa ya Ireland. Mikarafuu yetu iliyokufa kwa maradhi ya ghafla, laiti majani yake yangewekwa vizuri, nayo ingeulizwa.

Tatizo ni kuweka hazina yote nyumba moja. Mabomu ya Machi 1943 yaliteketeza sehemu kubwa ya karatasi za mimea zilizohifadhiwa Berlin, Ujerumani, zikiwemo za Afrika Mashariki. Kwa hiyo kila tawi likatwe mara mbili, moja libaki visiwani, hata kama chumba kikavu kisichoingia wadudu kina gharama kwenye unyevu wetu huu. Na lebo iandikwe na anayeujua mti: kilua, hutiwa kikubani, harufu yake hukaa kwenye nguo mpaka asubuhi.