Grammitidaceae ilistahili kufutwa

Bado nakutana na watu wanaosikitika kwamba Grammitidaceae, familia ya makangaga, imeondolewa kwenye orodha ya familia za mimea. Naelewa uchungu wao, kwa maana jina hilo nalipenda pia. Hata hivyo naona uamuzi ulikuwa sahihi.

Haya ni makangaga madogo, mengi hayazidi urefu wa kidole, yanayoota juu ya miti katika misitu ya tropiki, hasa milimani penye ukungu. Mti hayaunyonyi, yanaushikilia tu. Spishi zake ni kama 900.

Kilichoyatenga ni spora, yaani chembe za uzazi. Spora za jamaa zao wa familia ya Polypodiaceae kwa kawaida ni za manjano, zina umbo la haragwe na alama ya mstari mmoja. Za haya ni za duara, zina alama ya mistari mitatu, tena ni za kijani, kwa kuwa hubeba umbijani (rangi ya kijani ya mimea) tangu zikiwa kwenye kifuko chao. Spora ya kijani haina subira. Uhai wake ni mfupi kuliko wa ile ya manjano. Nilipoziona kwa hadubini mara ya kwanza niliamini kabisa kwamba huu ni ukoo mwingine.

Kumbe sivyo. Mwaka 2004 Harald Schneider na wenzake walilinganisha jeni za kloroplasti, na makangaga haya yakaangukia katikati kabisa ya Polypodiaceae. Ukiyatoa humo unakuwa umehesabu ukoo ukawaruka baadhi ya wajukuu. Mfumo wa PPG I wa 2016, ambao ni uainishaji wa makangaga na jamaa zao, ukayaweka kama nusufamilia, Grammitidoideae.

Kwangu kosa kubwa zaidi lilikuwa kwenye jenasi. Kwa miaka mingi jani zima lilipelekwa Grammitis, jani lililochanika kama unyoya likapelekwa Ctenopteris. Ni rahisi kukumbuka, lakini umbo la jani limebadilika mara nyingi katika matawi tofauti ya ukoo huu, kwa hiyo wasio ndugu wa karibu walirundikwa pamoja. Jenasi Melpomene, iliyoanzishwa na wataalamu wa makangaga Alan Smith na Robbin Moran mwaka 1992, ilikuwa hatua nzuri: walitazama hata magamba ya shina, yaliyo kama wavu.

Wanaofanya kazi msituni huuliza watayatambuaje bila maabara. Kwa vigezo vilevile vya zamani: spora za kijani, vinyweleo vya hudhurungi, majani yasiyo na magamba. Hakuna kilichopotea hapo. Kazi ngumu iko Asia, ambako mpaka kati ya jenasi mbili, Oreogrammitis na Radiogrammitis, umekuwa mgumu kuuchora, na huko ndiko ningependa nguvu zetu za kubishana ziende.