Amos 'n' Andy: nani hasa aliwafungia Weusi mlango wa runinga?

Tarehe 28 Juni 1951, kampuni ya utangazaji ya Marekani CBS iliporusha kwa mara ya kwanza runingani Amos 'n' Andy, kipindi cha vichekesho kuhusu Weusi, wajumbe wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, walikuwa mkutanoni Atlanta. Walikilaani kipindi hicho papo hapo. Kufikia 1953 CBS iliacha kutengeneza sehemu mpya, waigizaji wakamwaga unga. Mpaka leo wapo wanaosema chama kiliwaponza watu wake chenyewe.

Kipindi hicho kilikuwa na ukoo mbaya. Tangu miaka ya 1830 wazungu walijipaka usoni masizi ya kizibo kilichochomwa, wakapanda jukwaani kuwaigiza Weusi kama majuha. Mtindo ulikolea kiasi kwamba hata Bert Williams, mchekeshaji Mweusi aliyetamba New York mwanzoni mwa karne ya 20, alijipaka masizi juu ya weusi wake. Redio ikaondoa haja ya masizi. Mwaka 1928 mjini Chicago, wazungu wawili, Freeman Gosden na Charles Correll, walianza kuwaigiza Amos na Andy kwa sauti tu. Kipindi kilipendwa hadi kumbi za sinema zikawa zinasimamisha filamu ili watu wakisikilize kwanza.

Runingani sura haifichiki, kwa hiyo wakaajiriwa Weusi, na hapa watetezi wa kipindi wana hoja. Hawa hawakuwa watu wa kuokotwa. Alvin Childress alitokea American Negro Theatre ya Harlem, Spencer Williams alishaongoza filamu zake mwenyewe, na Tim Moore alikuwa mkongwe wa majukwaani. (Gosden alitaka kumfundisha Spencer Williams namna Mweusi anavyozungumza! Wakagombana, na ungetegemea nini?) Moore alikuwa Kingfish, mkuu wa chama cha udugu, mdomo mtamu na mfuko mtupu, ambaye kila mara anamuuzia Andy mbuzi kwenye gunia. Anachekesha kwelikweli, sitajifanya hapana. Pembeni walipita pia majaji na madaktari Weusi wenye heshima zao, jambo adimu enzi hizo.

NAACP haikuwashambulia waigizaji kwa kukosa kipaji. Ililalamika kwamba wahusika wakuu ni ama vichekesho ama matapeli, mwanasheria Calhoun akiwa tapeli mwenye joho. Kungekuwa na vipindi 10 vya Weusi, Calhoun asingemdhuru mtu. Lakini kingine kilichojulikana, Beulah, kilihusu mtumishi wa ndani kwa wazungu. Nje ya Marekani pia kidonda kilionekana: mwaka 1963 CBS ilitangaza kukiuza kipindi Kenya na Nigeria Magharibi, na muda si mrefu afisa wa serikali ya Kenya akasema hakitaonyeshwa nchini. Nyumbani marudio yaliendelea hadi 1966.

Ni kweli kwamba baada ya 1953 Weusi walipungua runingani, na ajira zilizopotea zilikuwa za watu halisi wenye familia. Ila lawama naiona imekosea anwani. Mwishoni mwa 1956 NBC, kampuni nyingine ya utangazaji, ilimpa kipindi Nat King Cole, mwimbaji wa suti safi na sauti ya hariri, asiye na hata chembe ya Kingfish. Wageni mashuhuri walifika kumuunga mkono. Hakupatikana mdhamini wa kitaifa, kwa kuwa makampuni yaliogopa wateja wazungu wa Kusini mwa Marekani, na mwaka mmoja baadaye kipindi kikafa. Anayeibebesha NAACP mzigo huu atueleze kwanza ni nani aliyemwondoa Cole.