Jembe la siku ya tatu

Sokoni Mpanda, mama yangu akiulizwa binti yake anasomea nini huko Ujerumani, hujibu kwa kifupi: "Anasomea wageni." Sijawahi kumsahihisha. Shahada ya kwanza ya sayansi ya siasa niliipata Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ya uzamili nikaifanyia huku, na sasa niko mwaka wa 3 wa uzamivu, natafiti jinsi wahamiaji wanavyotangamana na wenyeji. Ukiyaondoa maneno makubwa, swali linabaki lile la mama: mgeni anaacha lini kuwa mgeni?

Wajerumani jibu lao wameliandika. Tangu 2005 wana kozi rasmi: vipindi 600 vya lugha, siku hizi na vingine 100 vya historia, sheria na maisha ya nchi, kisha mtihani wa maswali 33. Anayetaka uraia apate angalau 17. Sibezi hata kidogo. Mimi mwenyewe bila Kijerumani nisingefika popote. Linalonikera ni namna wanavyolitumia neno lenyewe. Kwa Kiswahili kutangamana ni kama kusalimiana au kupatana, jambo lisilofanywa na mtu mmoja. Huku kila siku nasikia redioni wakiuliza kama mgeni ametangamana. Mwenyeji haulizwi.

Halafu kuna suala la kazi. Kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hudhani msemo huo ni wa mtu aliyechoshwa na mgeni. Mimi nauelewa vingine: anayepewa jembe amehesabiwa katika nyumba, na jioni atakula chake, si cha kukaribishwa. Hapa Ujerumani anayeomba hifadhi hukatazwa kufanya kazi miezi 3 ya mwanzo, na kwa aliye bado kwenye kituo cha mapokezi, sheria ya 2024 iliweka miezi 6. Kisha ofisi ya wageni ndiyo inayotoa ruhusa, kwa karatasi, na karatasi hiyo huchelewa.

Mwaka jana nilimhoji mama mmoja wa Uvira, Kongo, fundi wa kushona. Alinitolea faili la plastiki lililojaa barua, kila barua ameikunja mara mbili na kuandika tarehe pembeni kwa kalamu nyekundu. Barua 41, tulizihesabu pamoja mezani kwake. Alinyoosha viganja vyote viwili juu ya zile karatasi akasema, "Miye niko na mikono, dada. Banipe kazi."

Nikamwambia, kwa kujivunia kabisa, kwamba kwetu Tanzania mambo hayaendi hivyo. Akanitazama kwa upole. "Kwenu nilikaa miaka 11, dada. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu. Kule pia nilikuwa naomba ruhusa ya kutoka."

Sikuwa na la kumjibu. Kiburi changu kilitoka Katumba. Mwaka 1972 makumi ya maelfu ya Wahutu walikimbia mauaji Burundi, na serikali yetu ikawafungulia makazi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Kila kaya ilipewa ardhi ya kulima. Mwituni kabisa, ndiyo, na kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali, lakini jembe walipewa. Ndani ya miaka michache walikuwa wanajilisha wenyewe na kuuza ziada. Maharage tuliyokula nyumbani Mpanda yalitoka kwao. Babu yangu alipofariki, wanaume 4 wa Katumba aliokuwa akinunua kwao mazao walikuja usiku kwa baiskeli, unga wameufunga kwenye keria, na asubuhi walishika sururu wakachimba kaburi pamoja na wajomba zangu. Hakuna aliyewauliza wametangamana kiasi gani. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa nishani ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa jinsi nchi yetu ilivyowapokea wakimbizi, na mpaka leo naamini tuliistahili.

Lakini jembe bila karatasi lina mwisho wake, na hilo nililijua kabla sijasoma nadharia yoyote. Nilisoma sekondari na kijana wa Katumba aliyekuwa akituacha mbali wote kwenye hesabu. Mwaka 2010 serikali iliwakubalia uraia watu zaidi ya 162,000 wa makazi yale, kwa mpango uliotangazwa 2007, jambo kubwa ambalo nchi chache duniani zimewahi kulifanya kwa mara moja. Vyeti vyenyewe lakini vilizuiliwa, kwa sababu walitakiwa kwanza wahame makazi na kutawanywa mikoani. Walikuwa wameshaukana uraia wa Burundi, na wa Tanzania hawajakabidhiwa. Vyeti vilikuja kuanza kutolewa Oktoba 2014. Katika miaka ile ya kungoja, rafiki yangu alikosa mkopo wa chuo kwa kukosa cheti, akarudi kulima tumbaku. Yumo ndani ya kila ukurasa ninaouandika.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema uraia ni tuzo ya kumpa mgeni mwishoni, akishathibitisha. Uswisi kulikuwa na miji ambayo wakazi waliwapigia kura waombaji wa uraia mmoja mmoja, hadi mahakama ya shirikisho ilipokataza 2003. Watafiti Jens Hainmueller na Dominik Hangartner na wenzao waliwalinganisha waliopita kwa kura chache na waliokosa kwa kura chache, watu waliofanana karibu kwa kila hali. Miaka mingi baadaye waliopewa uraia walikuwa wamejishughulisha zaidi na siasa na maisha ya nchi. Kadi ya uraia ndiyo iliyowavuta ndani.

Na sisi? Mwaka 1994 Wanyarwanda kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa siku mbili hivi, na Warundi walikuwa wameshaanza kumiminika mwaka uliotangulia. Nakiri mzigo ulikuwa mzito na wilaya zile ziliumia. Jibu letu likawa Sheria ya Wakimbizi ya 1998: kaa kambini, usitoke bila kibali. Nyarugusu ilifunguliwa 1996. Aliyezaliwa pale mwaka ule leo ni mtu mzima mwenye watoto, na bado hajapewa jembe.

Sisi wa diaspora tunapaza sauti kuhusu uraia pacha, nami nimo. Inaniuma kwamba tangu Juni 2024 Ujerumani haimlazimishi mtu kuukana uraia wake wa awali, ilhali nchi yangu ingenivua wangu siku nikichukua wa hapa. Lakini sauti hiyohiyo siisikii tukizungumzia Kigoma. Tunalalamika kwamba Wazungu wanatuwekea mageti, na geti la Kasulu hatulitaji.

Awali tasnifu yangu ilihusu Ujerumani na makazi ya 1972 tu. Nimeongeza sura ya Nyarugusu, na msimamizi wangu amekubali, ingawa itanirefushia muda. Natarajia kwenda Juni, kibali nimeshaomba.

Yule mama wa Uvira nilimpigia simu kumwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akanitajia zoni na kijiji cha kambi, akarudia ili niandike vizuri. Mdogo wake bado yuko kule, anashona chini ya turubai. Ameniomba nimpelekee sindano za cherehani, namba 14 na 16, maana pale zikikatika kuzipata ni shida.